Alhamdulillahi ya Bi Mwatum

Neno lililomponza Bi Mwatum lilikuwa neno la heri. Lingekuwa tusi, au uongo, au fitina, angelitubia yakaisha. Lakini mtu atalitubia vipi neno analolisema baada ya kila sala?

Ilikuwa hivi. Bi Mwatum wa Vitongoji alifanya kazi kwenye ghala la mwani pale Tibirinzi, yeye na wanawake wenziwe sita. Mwani uliokauka ukiletwa kutoka pwani huja na mengi usiyoyataka: mchanga, vipande vya kamba, makombe, mara kaa aliyekufa zamani. Kazi yao ilikuwa kukaa juu ya vigoda tangu asubuhi, kila mmoja na ungo wake, kupepeta na kuchambua mpaka ubaki mwani mtupu, ndipo utiwe magunia upelekwe nchi za mbali. Kazi haina siri. Mgongo ndio unaoijua.

Vigoda vilikuwa vinane. Cha nane, kile karibu na mlango, kilikuwa cha Nahla, binti yake wa pekee. Nahla alifanya kazi hapo miaka miwili. Siku moja akasimama, akajikung'uta mchanga, akasema, "Mama, mshahara huu wanitosha kununua sabuni ya kuondolea harufu ya kazi. Baada ya hapo haunitoshi kitu." Akavuka kwenda Unguja, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja ya kaskazini. Siku ya kuagana, bandarini Mkoani, alimshika mamake mkono akamwambia, "Siku watakayopandisha kima cha chini cha mshahara, sikawii. Kigoda changu usimpe mtu."

Miaka minne ikapita. Kigoda hakupewa mtu yeyote.

Bi Mwatum alikuwa mtu wa subira, lakini subira haimzuii mtu kutamani. Kila Ijumaa akipika wali hupima wa watu wawili, akakumbuka sufuria ishashushwa. Nusu humwagia kuku. Kitandani alilala ukingoni, upande wa ukuta akauacha wazi. Na ile kanga Nahla aliyoisahau kwenye kamba hakuifua. Aliwahi kuifua mara moja tu, harufu ya mtoto ikaondoka nusu, akajuta mwaka mzima.

Redio nayo haikuzimwa, nyumbani wala ghalani. Kila ikifika taarifa ya habari, Bi Mwatum huwanyamazisha watu ghala zima, maana siku hizo habari ya kima cha chini ilitajwa kila kukicha. Wawakilishi wanavutana. Huyu asema kipande, yule asema kikipanda matajiri watafunga milango watu wakose hata hicho kidogo. Huyu apigiwa makofi, yule apigiwa meza, na mwezi unakwisha.

"Weye nawe na hicho kima chako," Bimkubwa humtania. Bimkubwa alikaa ubavuni mwake, mwanamke wa Kengeja, hana jino la mbele wala hana haya ya kulionyesha pengo. "Mie namjua kima wa juu, yule alomaliza ndizi zangu shambani. Huyo wa chini sijamwona."

"Huyu hali ndizi, mwenzangu. Huyu akipanda, mwanangu ateremka."

"Ateremka wapi?"

"Melini, Mkoani."

Wakacheka wote, naye akacheka, kisha jicho lake likaenda lenyewe kwenye kigoda cha karibu na mlango.

Nahla hupiga simu Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

"Hujambo, mwanangu? Kazi yaendaje?"

"Alhamdulillahi, mama."

"Wala vizuri?"

"Alhamdulillahi. Wewe je, mama?"

"Alhamdulillahi."

Basi. Bi Mwatum huiweka simu chini akajiambia, mtoto hana tabu huko. Na asiye na tabu, arudi kwa lipi, kama si hicho kima kupanda?

Jumatatu moja akaja karani. Kamati ilikuwa imetumwa kukusanya maoni ya wafanyakazi kabla mambo hayajaamuliwa, na karani wake alikuwa Conchesta, mwanamke wa Bara, mumewe mwalimu hapo Chake Chake. Mpole, heshima tele, karatasi amezikumbatia kifuani. Suhail, mwenye ghala, alimkaribisha, akamwekea kiti, kisha mwenyewe akatoka nje ili wanawake waseme watakalo. Hilo nalo lisemwe. Alitoka, wala hakumtisha mtu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Bwana hajambo? Watoto?"

"Hawajambo." Bimkubwa akampangusia kiti kwa ncha ya kanga, Conchesta akakaa. "Mama zangu, nimekuja kuuliza habari ya mshahara. Mnauonaje?"

Macho yote yakamgeukia Bi Mwatum, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, na mbele ya mgeni mkubwa ndiye asemaye. Na Bi Mwatum, aliyelingoja swali hilo miaka minne, aliyelilalia na kuliamkia, akafungua kinywa. Kikatoka kile alichofundishwa na mamake, na mamake alichofundishwa na bibi yake: mgeni akikuuliza hali, humbwagii shida zako mlangoni. Kwanza wamshukuru Mungu. Naye mgeni huuliza mara ya pili, "Na kweli hasa?" Hapo ndipo mtu huweka ungo chini akaanza kusema.

"Alhamdulillahi," akasema. "Twashukuru."

"Alhamdulillahi," wenziwe wakaitikia.

Conchesta hakuuliza mara ya pili. Alitabasamu, akatia alama kwenye karatasi, akaaga. Alikuwa na maghala mengine matatu ya kwenda kabla ya adhuhuri.

Bimkubwa akatazama mlango. "Kashakwenda? Mbona hatujasema kitu?"

"Atarudi," Bi Mwatum akasema. Hakurudi.

Baada ya wiki mbili pakafanywa kikao ukumbini Chake Chake, kila mtu na aje. Bi Mwatum alivaa buibui lake la sikukuu. Alijua leo ndipo litakaposemwa lenyewe. Wawakilishi walikaa upande mmoja, matajiri upande wa pili, kamati katikati na chupa zao za maji, na Conchesta mwisho wa meza akiandika. Maneno yalikuwa moto. Mwakilishi mmoja aliyetaka kima kipande alisema mpaka kofia ikamwenda upande.

Kisha akasimama Suhail kuwasemea wenye maghala. Suhail hakuwa mtu mbaya. Mume wa Bi Mwatum alipofariki, gunia la mchele la mwanzo kufika msibani lilikuwa lake. Akasema bei ya mwani imeshuka, wanunuzi ni wale wale wawili, kima kikipanda yeye atapunguza watu.

"Lakini msinisikilize mimi tajiri," akasema. "Wasikilizeni mama zangu wenyewe." Akainua karatasi ya kamati, nakala yake, akasoma. "Ghala la mwani, Tibirinzi. Wafanyakazi saba. Walipoulizwa kuhusu mshahara, jibu lao: wameridhika."

Ukumbi ukavuma. Yule mwakilishi wa kofia akajishika kichwa. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Wameridhika? Hao wamelishwa nini?" Watu wakaangua kicheko.

Bi Mwatum hakucheka. Miaka minne amengoja mlango ufunguliwe, kumbe ufunguo alikuwa nao yeye kinywani, na kwa kinywa chake mwenyewe akamfungia mwanawe nje.

Bimkubwa akamfinya paja. "Simama."

"Nisimame niseme nini? Nikane kuwa nilisema Alhamdulillahi? Nimkane Mungu mbele za watu?"

"Nani kakwambia umkane Mungu? Mkane Suhail!"

Akasimama. Alikuwa hajapata kusema mbele ya watu wengi isipokuwa kwa kupiga vigelegele.

"Assalamu aleikum."

"Waaleikumu salaam," ukumbi ukajibu, na kicheko kikaisha, maana salamu hukata kila kitu.

"Mwanangu Suhail, hayo uliyoyasoma ni sauti yangu. Silikani neno langu. Nilisema Alhamdulillahi, na leo nasema tena, Alhamdulillahi. Lakini shukrani ile nilimpelekea Mungu. Weye umeipokea njiani."

Wengine wakaanza kucheka, wakanyamazishwa.

"Mume wangu alipokufa ulikuja nyumbani, Mungu akujaze kheri. Ukaniuliza, Bi Mwatum, hali? Nikakujibu nini?"

Suhail akaishusha karatasi. "Ulisema Alhamdulillahi, Bi Mwatum."

"Basi siku ile nawe ungeandika nimeridhika?"

Suhail akaikunja karatasi.

"Mshahara hautoshi," Bi Mwatum akasema. Kumbe maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, mepesi hivyo. "Mwanangu kaukimbia. Kigoda chake kipo mlangoni mwa ghala lako, kila siku weye wakipita. Mie nataka mwanangu. Hayo ndiyo maoni yangu, kama nafasi ipo katika karatasi."

Akakaa. Conchesta alikuwa ameshasimama, uso umemuiva. "Mheshimiwa mwenyekiti, kosa ni langu. Niliandika nilichosikia, sikuuliza mara ya pili. Naomba ibadilishwe."

Ikabadilishwa pale pale, mbele ya macho ya watu. Suhail hakupinga. Alipokuwa akitoka alipita karibu na Bi Mwatum, akasimama kidogo, akasema, "Sikujua, Bi Mwatum."

"Nami sikukwambia, mwanangu."

Lakini kima chenyewe hakikupanda siku hiyo. Mwenyekiti alisema maoni yatapelekwa Unguja, yatajadiliwa, uamuzi utatangazwa, wananchi wawe na subira. "Subira!" Bimkubwa akanong'ona. "Hiyo siye twaweza kuwauzia."

Ijumaa ikafika. Bi Mwatum alipika wali, na mara hii pia alipima wa watu wawili. Alasiri simu ikalia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Alhamdulillahi, mama."

Alitaka kuendelea na maneno ya siku zote, kazi yaendaje, wala vizuri. Akaacha. Lilikuwa neno lile lile. Alilisikia kama hajapata kulisikia. Kila Ijumaa, miaka minne, mtoto anasema Alhamdulillahi, naye anatia alama, karidhika. Karidhika. Karidhika. Kumbe si Conchesta peke yake. Karani wa kwanza alikuwa yeye.

"Nahla."

"Abee, mama."

"Na kweli hasa?"

Upande wa pili zikasikika mashine za kufulia, ngurumo yao ya chini, na mtu akiita jina jingine mbali. Kisha pumzi za Nahla zikabadilika.

"Mikono yangu imebabuka kwa dawa za kufulia, mama. Siku hizi nala kwa kijiko." Akaongeza, "Na Idi ile niliyokwambia nimepewa zamu, sikupewa zamu. Sikuwa na nauli. Niliona haya kuja mikono mitupu."

"Haya? Kwangu mie?"

"Nataka kuja nyumbani, mama."

Bi Mwatum alikuwa amesimama uani. Akajishika kwenye nguzo ya kamba ya nguo.

"Njoo."

"Kima kimepanda?"

"Bado. Wanavutana."

"Sasa tutakula nini?"

"Nahla, kuku wangu wamenenepa mpaka majirani wanauliza nawapa nini. Kila Ijumaa nawapa chakula chako. Njoo ule chako, mwanangu, hao kuku watarudia kuparura."

Nahla akacheka, kicheko kikamkatikia katikati kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko. Bi Mwatum akangoja. Kungoja alikujua.

"Mwisho wa mwezi, mama. Nikipokea tu mshahara. Inshallah."

"Inshallah hiyo ni ya kuja au ya kutokuja?"

"Ya kuja, mama."

"Basi haya."

Simu ilipokatika, redio ndani ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Kima cha chini kikatajwa, wakasema majadiliano yanaendelea. Bi Mwatum hakwenda kusikiliza. Alimimina maji kwenye beseni, akamega sabuni, akaiteremsha kambani ile kanga ya Nahla. Akaileta puani mara moja. Kisha akaitumbukiza majini, akaifua vizuri, pindo kwa pindo, ili mwenyewe akija aikute safi.