Unene wa Kidole Gumba

Mtaani wanamwita kaka yangu Zege, na hawakukosea. Ni seremala, na kiti akikitengeneza yeye hubebwa na watu wawili. Nilijua hayo yote, na bado nikampa kazi ya kunichongea kasha la kibodi.

Mimi husikiliza rekodi za mikutano na kuziandika neno kwa neno. Mkono wa kulia ulianza kwa ganzi, yakafuata maumivu ya kupanda hadi begani. Daktari alisema kibodi yangu iko juu mno: kifundo cha mkono kinashinda kimekunjwa na neva ya ndani inabanwa. Nikiendelea hivyo, mkono hautarudi.

Basi nikanunua sakiti na swichi za kukaa chini ya vitufe, nikampa Zege pamoja na masharti mawili tu. Kwa mbele, kimo cha kasha kisizidi unene wa kidole gumba. Na bamba la kushikia swichi liwe jembamba, milimita moja na nusu, kwa sababu kila swichi ina vikucha viwili vinavyopita chini ya bamba na kung'ata. Bamba likiwa nene, vikucha havifiki.

Siku ya kwenda kulichukua, nililikuta juu ya benchi pale karakanani. Lilikuwa zuri, sikatai. Ubao ulipigwa msasa mpaka unateleza. Mbele lilikuwa na kimo cha vidole gumba viwili.

"Kaka, hiki nini?"

"Kasha. Lile la kwako lingekuwa kama sahani. Mtu akilikalia?"

"Nani anakalia kibodi?"

"Watu wanakalia vitu, mdogo wangu."

Nikajaribu kuvuta swichi moja. Haikutikisika. Nikainama, nikaona gundi ya mbao imekauka pembeni yake. Alikuwa amekata bamba nene, la kufaa kitako cha droo, vikucha vikakosa pa kung'ata, naye akamimina gundi kila tundu. Swichi moja ikifa, kibodi nzima ndiyo basi.

"Sasa haitoki ng'o," alisema, na alikuwa anajisifu.

Damu ikanichemka. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba mkono unauma, alicheka, akasema kuchapa si kupasua magogo. Nilimpa vipimo kwa lugha nyepesi, yeye akasikia mtu anayedeka.

"Utazoea," alisema.

"Sitaki kuzoea."

Nikalipindua kasha, nikalibana kwenye jiliwa, nikachukua randa nilipunguze kimo mwenyewe. Marehemu baba alitufundisha sote wawili: mkono wa kulia nyuma, wa kushoto mbele, sukuma kwa mwili. Nikasukuma. Randa ikaenda kidogo, ikaniponyoka. Nikaiokota. Vidole vilikataa kufumba kwenye mpini, nami nikivitazama. Ikaanguka tena.

"Ishike vizuri," Zege alisema.

"Ndiyo nimeishika."

Hapo akaja, akaugeuza mkono wangu, akaweka kiganja chake kando ya changu. Chini ya kidole gumba chake palijaa nyama. Chini ya changu palikuwa na bonde.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipocheka."

Aliulaza mkono wangu juu ya benchi, akaunyoosha taratibu mpaka kifundo kikakaa sawa, akasimamisha rula kando ya vidole. Akapima. Akarudia kupima. Kisha akachukua patasi, akaanza kubandua gundi. Swichi ya kwanza ilikatika miguu yake ya chuma, ya pili pia, naye akaendelea, uso ameuinamisha.

"Na bamba?" nikamuuliza.

"Milimita moja na nusu," alisema.

Alikuwa anakumbuka kumbe. Alikuwa anakumbuka siku zote.

Sikumshukuru. Nilikaa pale nimeukumbatia mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikimwangalia mpaka swichi ya mwisho ilipotoka. Aliuamini mkono wangu mara tu alipouona. Mimi nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu, hakuniamini, na hilo sijamsamehe.