Kamera ya Majini na ya Nyumbani

Katika duka la kamera la Gichuki mjini Kitale kulikuwa na viti viwili tu vya wateja, na Gichuki, kwa ukarimu wake, akavisogeza vikaribiane. Hapo ndipo alipokosea. Nanyama alivitazama viti, akaitazama ile jozi ya viatu vyenye matope mekundu iliyosimama mlangoni, kisha akaburuta kiti kimoja mpaka kona ya mbali, chini ya picha za maharusi, akaketi upande upande.

"Mama, kuna shida?" Gichuki akauliza.

"Hakuna shida. Huyo ni mkwe wangu."

Gichuki alikuwa amehamia juzijuzi kutoka Nyahururu. Ikabidi aelezwe kwamba kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawaketi bega kwa bega, wala hawakodoleani macho. Hiyo ni heshima, si chuki. Mkwe mwenyewe, Kipkoech, ni Msabaoti wa Kapsokwony, mkulima wa vitunguu, na pengine Nanyama angeweza kulegeza kamba kidogo, lakini Nanyama hakuzaliwa na mkono wa kulegeza. Tangu harusi hajawahi kumwona kijana huyo usoni sawasawa. Alimjua kwa viatu na kwa kikohozi.

Kwa kawaida maneno yao yalibebwa na Walubengo, mwanawe Nanyama. Asubuhi hiyo ng'ombe wa Walubengo alishikwa na uchungu wa kuzaa huko Kamukuywa, naye akabaki kumsaidia. Basi Gichuki, bila kuombwa wala kulipwa, akawa mjumbe.

"Muulize anataka kamera ya nini," Nanyama akasema, macho kwenye picha za maharusi.

Gichuki akamgeukia mtu aliyekuwa hatua chache tu kutoka hapo. "Mama anauliza unataka kamera ya nini."

"Mwambie nataka ya kila siku," Kipkoech akajibu. "Ndogo, ya kuingia mfukoni. Ipige picha poa za nyumbani. Ng'ombe, shamba, watu wakikuja."

Ya nyumbani! Hilo ndilo Nanyama alilokuwa akiliogopa njia nzima kutoka Kamukuywa.

Nekesa, binti yake, alikuwa afisa wa samaki Bungoma, kazi ya kupima maji ya mabwawa na kuwahesabia wakulima vifaranga vya samaki aina ya ngege. Lakini huko nyuma, akiwa chuoni pwani, alifundishwa kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, na tangu hapo mabwawa yote ya Bungoma yakawa madogo machoni pake. Sasa alikuwa ameitwa Watamu, huko huko pwani, akapige picha za matumbawe kwa miaka miwili. Jibu lilitakiwa Jumatatu. "Mama, Kip hajasema kitu," alimwambia Nanyama kwa simu. "Kama hataki nitakataa, na yaishe." Alisema "yaishe" kwa sauti ya mtu anayefunga mlango kwa upole ili asiamshe watoto. Nanyama hakulala vizuri tena.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulikuja kupitia kwa Walubengo: mkwe anataka kumnunulia Nekesa kamera, na anaomba mama aje Kitale wachague pamoja. Kamera ya kwenda nayo, au pipi ya kumnyamazishia mtoto? Walubengo hakujua. Nanyama akajifunga leso na kuja kujionea mwenyewe.

Gichuki akaweka kamera mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya fedha, nyembamba, inang'aa. "Hii ndiyo mambo yote. Inavuta picha ya mbali, mpaka ndege kwa mti unahesabu manyoya. Ya nyumbani, hakuna kama hii." Akagusa ya pili, nyeusi, nene, imevaa raba kila pembe. "Hii nayo ni ngumu. Ianguke, inyeshewe, iingie maji. Lakini ya mbali haivuti sana."

"Ile ya kwanza ikiingia maji?" Kipkoech akauliza.

"Unaizika."

Nanyama akasubiri. Alijiambia kwamba kijana akinyoosha mikono kwenye ile ya fedha, yeye atasimama, ataaga, na atakwenda kumwambia Nekesa achague kwa akili yake mwenyewe. Mikono ya Kipkoech, iliyopasuka kwa kazi ya jembe, ikachukua ile nyeusi.

"Hii inaenda chini mita ngapi?"

"Kumi na tano hivi ilivyo."

"Haitoshi. Yeye anashuka mpaka thelathini. Si kuna kakasha ka plastiki ka kuivalisha?"

"Kako," Gichuki akasema, akishangaa.

"Na taa? Kwa sababu huko chini rangi nyekundu inapotea kwanza. Samaki mwekundu anakaa wa kijivu, mpaka ummulike. Hii raba ya mlango wa betri nayo, mchanga kidogo tu ukiingia, maji yanapita."

Nanyama akasahau maharusi ukutani. Mtu huyu alizaliwa mlimani, mahali ambapo maji mengi ni yale ya mvua. Alikuwa amejifunza wapi habari za samaki wekundu?

"Muulize," akamwambia Gichuki, na sauti yake ikawa imelainika bila ruhusa yake, "muulize kama ni ya majini, mbona ameanza na ya ng'ombe?"

Gichuki akauliza. Kipkoech akaigeuza kamera mikononi.

"Mwambie sitaki awe na kamera mbili. Akiwa na ya maji peke yake, ya nyumbani ataacha kwa sanduku. Nataka tupige za hapa kwanza, halafu aende nayo. Ndiyo jioni akiangalia samaki wake, akisukuma picha, akisukuma, ghafla anafikia ng'ombe zetu."

Nanyama akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Gichuki, ambaye alipenda kuuza kuliko kulia, akaleta beseni la maji. "Tujaribu, bana!" Akaizamisha kamera, kioo chake cha mbele kikitazama juu, akabonyeza. Kipkoech alikuwa ameinama juu ya beseni. Gichuki akaitoa ikichuruzika, akaifuta kwa shati lake na kumpelekea mama pale kwenye kona. "Ona, mama. Hata kikohozi haina."

Mila inakataza kumkodolea mkwe macho. Kuhusu picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera haijasema lolote, na Nanyama akatazama apendavyo. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa mume wa binti yake, ukiyumba kidogo kwa mawimbi ya beseni. Ulikuwa uso mchanga kuliko alivyodhani. Macho yalikuwa yametoka, na meno yameuma mdomo wa chini. Huo ulikuwa uso wa mtu aliyesimama ukingoni akimtafuta mtu wake majini. Huyu hakuwa amenuna hata siku moja. Huyu alikuwa anaogopa, jamani, anaogopa mpaka basi.

Mteja akaita kutoka nje, na Gichuki akatoka kumsikiliza. Duka likabaki na mama mkwe, mkwe, na hakuna wa kubeba neno. Kipkoech akakohoa. Nanyama akaipandisha kamera mpaka mbele ya uso wake na kuiambia:

"Wewe kamera, uliza huyo mtoto wangu, kwa nini hajaongea na Nekesa, bibi yake?"

Mtoto wangu. Hata yeye alijisikia akisema, na hakulirudisha.

Kipkoech akaiambia kaunta, "Kamera, mwambie mama, nikisema enda, atafikiri nimechoka na yeye. Nikisema kaa, atakaa. Sasa niseme nini?"

"Kamera, mwambie aseme anaogopa. Nekesa anafikiri amekasirika. Apige simu saa hii, kabla moyo haujapoa."

Simu ya Kipkoech ilikuwa imekufa spika ya sikioni. Alikuwa akiongea kwa laudspika tu, dunia nzima isikie. Nanyama akageukia ukuta ili kumpa faragha ya heshima, na masikio yake akayaacha palepale.

"Nekesa. Nimesema uende Watamu. Lakini mimi naogopa hiyo maji, Nekesa. Naogopa sana."

Nanyama alimngoja binti yake acheke. Huyu ndiye aliyekuwa akipanda miti ambayo wavulana waliikimbia. Hakuwahi kulia mbele ya sindano, hakuwahi kuomba taa iachwe ikiwaka.

"Hata mimi, Kip," Nekesa akasema, na sauti yake ikakatika. "Kila nikishuka. Sijawahi ambia mtu, hata mama."

Nanyama akashika ukingo wa kiti. Alimzaa yeye mwenyewe, akamnyonyesha, akamsomesha, na hilo hakulijua. Gichuki alipoingia, alimkuta mama analia kimyakimya akitazama ukuta, na mkwe analia juu ya simu akitazama sakafu. Akasimama katikati yao, asijue aanzie kwa nani.

"Nimwambie nani nini?" akauliza.

"Usimwambie mtu kitu," Nanyama akasema. "Tufungie hiyo nyeusi, na kakasha kake."