Baada ya Mheshimiwa Hasemi Mtu

"Mama, nisikilize kwa hisani yako," Yusra alisema, maikrofoni ameikumbatia kifuani. "Mheshimiwa akishazungumza, hakuna anayezungumza tena. Anayefuata ni mchungaji, kisha tunazika. Ndiyo itifaki."

"Itifaki ya msiba wangu?"

"Ya mahali popote alipo yeye, mama. Wadogo hutangulia, mkubwa hufunga."

"Basi mimi nilifaa nitangulie. Mbona hukuniita?"

Akaangalia chini. Yusra ndiye aliyeletwa na ofisi ya Mheshimiwa kusimamia itifaki. Asubuhi alikuwa amenipa shikamoo na kunishika mikono yote miwili kunipa pole, kwa hiyo ugomvi wangu haukuwa naye. Alinieleza kwamba Mheshimiwa ana hafla nyingine Msambweni, ndiyo maana amezungumza kabla ya familia.

"Kumpindulia yeye ratiba mnaweza. Mimi dakika mbili hamna."

"Mama Muema, yatosha," akasema Mwangangi, ndugu wa marehemu mume wangu. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Wamekuja kutazama jeneza, watazame na mwenyewe."

Sikuwa nikigombania heshima. Mheshimiwa alikuwa amesimama mbele ya Lukore nzima, akasema Muema alikuwa kijana mwema, kisha akainua kidole: "Lakini madereva wetu vijana wapunguze haraka. Haraka ndiyo iliyotunyang'anya kijana huyu." Watu wakatikisa vichwa. Hata mchungaji alitikisa. Na hapo ndipo maneno yalipofungwa. Wote wale wangerudi makwao wakijua kwamba mwanangu aliuawa na mwendo wake mwenyewe.

Si kweli. Alamin, dereva mwenzake, alinieleza mlangoni pa mochari. Katika msafara wa Mheshimiwa kila gari lina nafasi yake, kwa cheo, na halipitwi wala halibaki nyuma. Muema aliendesha la tano. Walipofika Samburu ng'ombe walikatiza barabara, akasimama wapite. Yale manne ya mbele yakaenda, malori yakaingia katikati. Akaitwa kwenye redio: gari la tano liko wapi? Akajibu kwamba kuna malori na kona iko mbele. Akaambiwa arudi mahali pake sasa hivi, Mheshimiwa hawezi kufika akasimama kungojea kiti.

Akatoka kuyapita malori.

Hakuwa amembeba mtu. Alibeba kiti, kile chenye mgongo mrefu wanachokwenda nacho kila hafla. Kiti kilipona. Siku ile kilikuwa chini ya hema letu na Mheshimiwa amekikalia. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, safu ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imebandikwa majina.

Nilimtafuta Alamin kwa macho. Alikuwa kule kwenye magari na madereva wenzake, anaangalia viatu vyake. Ana watoto wadogo. Sikumlaumu.

Mwangangi akanishika bega, akainama sikioni. "Mheshimiwa amesema Mutheu aende ofisini Jumatatu. Kuna nafasi. Ukimwaibisha mtu huyu leo, binti yako atakaa na cheti chake mpaka azeeke. Na Muema hatafufuka."

Hilo lilikuwa kweli, na mimi si mtu wa kudharau neno la kweli kwa sababu sipendi anayelisema. Mutheu alikuwa amemaliza chuo na kuzunguka hoteli zote za Diani bila kupata kitu. Mshahara wa Muema ndio uliotulisha. Niliwaza hayo yote nikiwa nimesimama pale. Kisha nikamwona Mutheu Jumatatu, anatambulishwa ofisini: huyu ni dada wa yule kijana wa haraka. Naye anatabasamu, anasema ndiyo.

"Mutheu," nikamwita. "Umemsikia baba yako mdogo?"

"Nimemsikia."

"Unasemaje?"

Macho yalikuwa yamemvimba hata sikujua kama ananiona. Alinyoosha mkono, akauondoa mkono wa Mwangangi begani kwangu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Yusra, nipe hicho chombo."

"Mama, nitafutwa kazi. Wallahi nitafutwa."

Nikamtazama, nikaona hasemi uongo. Naye ni mtoto wa mtu. Nikamwachia.

Nikapita mbele ya ile safu ya kwanza, magoti ya wakubwa yakajivuta nyuma kunipisha, nikafika penye jeneza. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu.

"Subiri kidogo, mchungaji."

Nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Ubao ulikuwa umeshika joto la jua. Nikatoa sauti ile niliyokuwa nikimwitia kula akiwa mwisho wa shamba.

"Mimi ni mama yake. Mwanangu hakuwa na haraka. Alisimama, akangoja ng'ombe wa watu wapite. Haraka ilikuwa ya mwingine, na nitawaambia alivyoambiwa kwenye redio."

Mheshimiwa akasimama. Safu yote ya mbele ikasimama pamoja naye, kama inavyotakiwa. Nikawangoja wamalize kukokota viti, kisha nikaendelea.