Asubuhi Bila Shikamoo

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Na mgongo wako?"

"Mzima tu, namshukuru Mungu."

Mzima! Asifiwe, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Mbeya, alitamani kulitupa faili dirishani. Mzee Flavian, mkulima wa ulezi kutoka Kasense, alikuwa na saratani iliyofika mifupani. Alikuwa ameng'ata kona ya shuka mpaka imelowa, na jasho lilimtoka katika baridi ile ya Sumbawanga inayowavalisha wauguzi masweta juu ya sare. Lakini ukimwuliza, hajambo.

"Babu, sufuri ni hakuna maumivu, kumi hayavumiliki. Yako ni ngapi?"

"Weka sufuri, mama. Usihangaike."

Sista Bertha, msimamizi wa wodi, aliisoma sufuri hiyo akatikisa kichwa. "Mofini si pipi. Inatuliza maumivu kwenye ubongo, lakini ikizidi inatuliza na pumzi. Mgonjwa anasema haumwi, mimi nimpe kwa sababu gani?"

"Sista, mwangalie basi!"

"Nimemwangalia. Kamwulize tena."

Hapo Asifiwe alikasirika kweli. Alimkasirikia Sista, akamkasirikia mzee, akaikasirikia na shikamoo yenyewe, maana mtu akishaamkiwa vizuri hawezi kujibu vibaya. Akarudi, akasimama kando ya kitanda.

Mzee alisubiri. "Mbona huniamkii?"

"Sikuamkii."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua kichwa.

"We binti!" mzee alifoka. "Kwenu hawakukufundisha?"

"Walinifundisha. Lakini nikikuamkia utasema hujambo, na huko kusema hujambo kunakunyima dawa. Leo hatusalimiani, babu. Niambie tu."

Mzee alimkazia macho kwa hasira. Kisha mkono wake ukaachia ukingo wa kitanda, ukamshika Asifiwe kwa nguvu za mtu aliyeshika jembe maisha yake yote.

"Inauma," alisema. "Inauma, mama. Sijalala tangu wanilete hapa. Hiyo kumi yenu haitoshi." Akaing'ata tena kona ya shuka.

Sista Bertha, aliyeyasikia yote kutoka mlangoni, alikuja mwenyewe na chupa ya mofini na kikombe kidogo, akamnywesha. Asifiwe alibaki pale, akikitazama kifua cha mzee kinavyopanda na kushuka, mpaka kona ya shuka ikamtoka mdomoni.

"Sasa niamkie," mzee alinong'ona, macho yakijifumba.

"Shikamoo, babu."

Hakuitika. Alikuwa amelala, anapumua vizuri, na vidole vyake vilikuwa vimelegea juu ya kiganja cha Asifiwe.