Kicheko cha Kazini

Sabiha alikuwa wa mapokezi katika kampuni kubwa ya burudani mjini Dodoma, ila siku za kurekodi vichekesho wafanyakazi wote walikalishwa viti vya mbele waanze kucheka, ili watazamaji wafuate. Kicheko chake kilipendwa kuliko vyote. Jumamosi hiyo mzaha mmoja wa mbuzi na mbunge ulirudiwa mpaka ukachuja, na kila mara alicheka kama ndiyo kwanza anausikia.

Walipomaliza, Gaudence wa utumishi aliwapitia akiuliza wanapenda nini kazini na nini kinawakera. Sabiha alisema anapenda basi la kampuni, wasanii wanaomwita dada, na jinsi shangazi zake wa Kondoa wanavyojivunia kumwona kwenye televisheni. Kinachomkera hakukisema. Mashavu yalimuuma, alitaka kwenda nyumbani tu.

Alimkuta mumewe, Swalihu, barazani, amemwekea chai. Swalihu si mtu wa maneno mengi, lakini leo alikuwa na kisa: jana jogoo wa jirani aliingia msikitini akawika katikati ya hotuba, imamu akanyamaza kumsubiri amalize. Alikisimulia taratibu, huku akijizuia asicheke mwenyewe.

Sabiha akacheka, kichwa nyuma, mkono kifuani.

Swalihu alimtazama kidogo, kisha akamsogezea kikombe.

“Hicho kicheko ni cha kazini, mama Yusra,” alisema. “Kama umechoka, we nyamaza tu. Hapa hakuna kamera.”