Nafasi ya Waya Kwenye Seva

Ofisi ile ya wachora ramani za nyumba ilikuwa ya ndugu watatu, sasa imebaki ya wawili. Yule wa kati, fundi wao wa kompyuta, ambaye kila mtu alimwita Waya, alizikwa kabla ya mvua. Dada yao mkubwa, mshika hesabu, alirudi kazini matanga yalipokwisha. Alikuwa akiamka amechoka, kana kwamba usiku kucha alibeba magunia.

Waya ndiye aliyewaondolea kompyuta nzito za mezani. Kila mchoraji alibaki na skrini na kibodi tu. Kompyuta yenyewe, pamoja na programu na michoro yake, ikawa inaishi ndani ya seva, mashine moja kubwa waliyoikodi kwenye jengo la kampuni nyingine, upande wa pili wa mji. Seva ilikuwa na nafasi kumi, kila moja ya mtu mmoja. Moja ilikuwa ya Waya mwenyewe, na dada hakutaka iguswe.

Ndiyo maana mchoraji mpya, waliyembatiza Mgeni, hakuwa na pa kufanyia kazi. Alingoja wenzake watoke kula ndipo atumie nafasi zao.

"Mgeni njoo, wenyeji tushibe!" walimtania wakipita mlangoni.

"Nendeni, na mtafune polepole," alijibu, keshavuta kiti.

Asubuhi moja mdogo wao, mkurugenzi, alimwita dada. "Mkataba wa seva unakwisha. Watu wanahamia kwenye wingu siku hizi. Hebu linganisha, uniambie tushike lipi."

Akalinganisha. Kwenye wingu, yaani mashine nyingi za kampuni kubwa unazozifikia kwa mtandao, unafungua nafasi kwa idadi ya watu ulionao, wakiondoka unazifunga, na unalipia ulichotumia. Mashine moja ikiharibika, kazi inahamia kwenye nyingine. Ila malipo hupanda na kushuka, na hakuna mlango wa kugonga ukiwa na hasira. Seva ya kukodi malipo yake yanajulikana na wenyewe wanajulikana, ila kuongeza nafasi ni mpaka mashine ipanuliwe. Na kote kuwili, mtandao ukikatika, mnabaki kutazamana.

Aliposoma alichoandika, aliona seva imeshinda. Kila kasoro yake alikuwa ameitafutia utetezi, kama mama wa mtoto mtundu. Alijua kwa nini. Kule kwenye wingu hakuna anayemfungulia nafasi marehemu.

Mchana seva ikakwama. Skrini zote zikawa nyeusi, wachoraji wakakunja mikono. Dada akampigia fundi wa lile jengo.

"Pole, mama. Tunahangaika nayo, lakini mipangilio ya ndani aliifanya Waya kwa mkono wake. Ikigoma alikuwa anakuja mwenyewe, anaibembeleza mpaka inaamka."

"Na sasa nani ataibembeleza?"

"Ndiyo hapo, mama."

Akakata simu, akaenda kwa mdogo wake. "Tuhamie kwenye wingu."

"Mbona umeandika seva?"

"Niliandika nikiwa na sababu zangu. Seva ile inataka mtu wa kuiendea, na mtu huyo tumemzika."

Mkurugenzi aligeuzageuza karatasi. "Na nafasi yake? Kule tutawafungulia waliopo tu. Asiyekuwepo na lake halipo, Dada." Mara akajifunika uso kwa viganja. "Astaghafiru. Maneno gani haya ninayasema juu ya kaka yangu."

"Ni maneno ya kweli," dada akasema. Hakuwa na nguvu za kukasirika. Akamshika bega.

Jioni seva iliamka. Kuhama kungechukua muda, na Mgeni alikuwa amesimama dirishani, mkoba begani, kazi ya siku nzima bado haijafanywa.

"Mwanangu, njoo ukae hapa," dada akamwambia. "Kuanzia leo usingoje watu wakale."

Akainama, akaandika nywila ya Waya. Skrini ikafunguka, imejaa michoro toka pembe hadi pembe, jinsi alivyoiacha. Mgeni akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mama, hii si ni ya...?"

"Ndiyo."

"Sasa yangu nitaiweka wapi?"

"Hiyo isogeze. Itunze kwenye folda moja, tutahama nayo."

"Yote?"

Dada akanyoosha kidole kwenye skrini. "Yote. Anza na huo wa katikati."

Akabaki amesimama nyuma ya kiti mpaka skrini ikawa tupu, kisha akarudi kwenye hesabu zake.