Jozi ya Tatu

Mwanzi aliogopa spika mpya. Umeme haukumtisha, ulishamrusha mara kadhaa, akainuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na kazi. Lakini kutajiwa spika mpya, kitu ambacho mpiga gita mwenye akili zake angekipokea kwa mikono miwili, kulimfanya atafute kiti. Watu walimwita Mwanzi kwa urefu na wembamba wake, na kwa kuwa upepo kidogo wa maneno ulitosha kumyumbisha. Asubuhi hiyo upepo ulivuma kutoka jikoni, ambako mkewe alikuwa ameshavaa viatu.

Mkewe ndiye mwimbaji wa bendi. Kaka wa mkewe, yaani shemeji yake Mwanzi, ndiye mpiga besi, mtu mnene mwenye utani usiokwisha. Hao wawili walikuwa wamekata shauri. Jumamosi bendi inapiga harusini, spika moja ya gita imetoboka, basi leo kasha zima linapelekwa kwa fundi na halirudi bila spika mpya. Mwanzi alisema mgongo unamuuma. Shemeji akauliza mgongo wenyewe uko wapi, mtu ameumbwa shingo mpaka magotini.

Kasha lile Mwanzi alilitengeneza kwa mikono yake, kwa milango ya kabati la nguo, akalitia spika mbili za inchi kumi na mbili, na kwa miaka mingi lilikuwa fahari yake. Halafu, mwaka uliopita, gita likaanza kufifia. Zile sauti nyembamba za juu zilimjia kama zimefunikwa blanketi. Akawa anafungulia trebo, kile kitufe cha kuongeza sauti hizo, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka wenzake wakalalamika kwamba anawachoma masikio. Akawaambia spika zimezeeka. Waliamini, maana nani atashangaa kabati la nguo likichoka kuimba?

Yeye mwenyewe hakuamini. Alimwona ndege dirishani akifungua na kufumba mdomo bila mlio. Birika lilipiga filimbi mpaka likakauka naye amekaa hatua mbili tu kutoka jikoni. Na mkewe alipozungumza, maneno yalimfikia yakiwa yamekatika ncha. Basi alijua, au alikaribia kujua, na jambo hilo lilimkaa tumboni hata chakula kikakosa nafasi. Hakuwa na kazi nyingine. Bendini yeye ndiye aliyelinganisha ala zote, na mkewe akipotea nusu sauti, yeye ndiye aliyemrudisha kwa kumkunjia uso tu. Mpiga gita asiyesikia nani atamweka? Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua vizuri sana, aliwahi hata kumpa jirani.

Maadamu spika zilibeba lawama, alikuwa na pa kujificha. Kosa lake ni kutaka maficho yaliyo imara zaidi. Shemeji alipopendekeza wazipime kwanza, huenda ni nzima na tatizo liko kwingine, Mwanzi alishikwa na woga wa mwizi. Alingoja nyumba iwe tupu, akachukua bisibisi na kuitoboa karatasi ya spika moja. Akili ilimrudia bisibisi ikiwa bado mkononi. Spika iliyotoboka lazima ibadilishwe, na mpya lazima ichaguliwe, na kuchagua spika ni kazi ya masikio. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Fundi waliyemwendea aliitwa Mama Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kuonekana bila gundi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu. Karatasi za spika zilitundikwa kwenye misumari ukuta mzima, kubwa kwa ndogo, na mezani kulijaa sumaku, vipande vya waya na makopo ya skrubu. Mke na shemeji waliporudi garini kuchukua amplifaya na gita, Mama Gundi alilifungua kasha, akazibonyeza spika za zamani kwa ncha za vidole huku ameinamisha sikio. Ya kwanza akaitikia kwa kichwa. Ya pili akaitia kidole tunduni.

"Karatasi ikizeeka huchanika pembeni," alisema akimtazama Mwanzi usoni. "Hii imetobolewa katikati."

Mwanzi alisema labda ni panya.

"Panya mwenye bisibisi," alisema Mama Gundi, na hakuongeza neno, kwa kuwa wale wengine walikuwa wanaingia.

Kisha fundi akaeleza sheria ya nyumba yake. Kwake mteja hachagui spika kwa macho, maana watu hununua sumaku kubwa na chuma kinachong'aa, halafu wiki ya pili wanarudi na malalamiko. Mteja hukaa ameupa ukuta uso, anapiga ala yake mwenyewe, na yeye fundi nyuma yake anafunga jozi moja baada ya nyingine. Waliomsindikiza ni marufuku kusema neno mpaka mteja atoe hukumu. Mwanzi alikuwa amepanga kumtazama shemeji usoni na kusema kile ambacho uso ule utasema. Mpango ukafia pale pale. Akajaribu kusema kwamba huenda ni rahisi zaidi kununua zinazofanana na zile za zamani wakaondoka zao, lakini mkewe alicheka.

"Mwenye masikio ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uchague."

Alisema kwa fahari, na fahari ile ilimwumiza Mwanzi kuliko ambavyo shaka ingemwumiza.

Mama Gundi aliuliza amplifaya inataka spika za omu ngapi, kile kipimo cha ukinzani wa umeme. Nane, Mwanzi akajibu haraka, kwa hiyo spika mbili za omu kumi na sita zilizofungwa sambamba. Hapo hakuwa na hofu yoyote. Alitamani siku nzima iwe ya maswali ya omu. Lakini kigoda kilikuwa kimeshawekwa, na ukuta ulikuwa mbele yake, rangi ya kijani iliyobanduka, na ufa mmoja kutoka juu mpaka chini.

Jozi ya kwanza ilipowashwa, blanketi lilikuwa lilelile. Vidole vilimwendea vizuri, maana vidole havikuwa na ugonjwa, ila sauti ilitoka imefunikwa, na yeye akapiga huku akitafuta kichwani maneno ambayo mtu mwenye masikio angeyasema. "Zina joto," alisema mwishowe, "lakini hazina makali." Hakujua kama wale wa nyuma yake wanaafiki au wanatazamana.

Kusubiri jozi ya pili kulikuwa kubaya zaidi. Aliufuata ule ufa kwa macho, juu mpaka chini, chini mpaka juu. Alipoambiwa apige alianza na uzi mnene, na papo hapo akajua kuna kasoro. Hii aliisikia. Sauti nene za chini zilikuwa zimekufa kabisa, sakafu haikutikisika hata kidogo.

"Mama, umegeuza waya wa spika moja," alisema. "Mmoja anasukuma, mwenzake anavuta. Wanauana."

Kulikuwa na mkwaruzo wa kasha, kisha Mama Gundi akaguna. Ilikuwa kweli. Aliapa kwamba hajawahi kukamatwa na mteja, tena aliyeupa ukuta uso. Shemeji akasahau sheria akauliza, kwa ile sauti yake nzito, kama yale ni masikio ya mtu au ya popo. Mwanzi alicheka peke yake na ukuta. Pumzi ilimshuka mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Labda spika kweli zilikuwa mbovu. Labda birika lenyewe lina filimbi mbovu, na ndege wa mtaani kwao ni wavivu. Jozi ile iliporekebishwa hata hakuisikiliza sana. Alisema ni ya wastani, akataka ya tatu, akiwa na haraka kama mtu aliyealikwa karamuni.

Ya tatu ilikuwa na kitu. Aliposogeza kidogo trebo ya amplifaya iliyowekwa kando yake, kitu hicho kilizidi, akaisogeza tena, na tena, mpaka kitufe kikagota. Blanketi likaondoka. Alisikia ukucha unavyoukuna uzi kabla uzi haujalia. Alikuwa amesahau kwamba jambo hilo lipo. Machozi yakamlenga, akaupiga wimbo wa kufungulia harusi, akaupiga wote, akarudia ubeti wa pili kwa kuwa aliupenda, akauongezea vionjo ambavyo hakuwa amethubutu kuvipiga kwa muda mrefu.

"Hizi," alisema. "Hizi ndizo." Akageuka.

Mama Gundi alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili na kufumba macho. Shemeji alikuwa amerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kichwa kakididimiza mabegani. Mkewe alisimama palepale alipomwacha, mikono chini, hakuziba chochote, akimtazama yeye.

Mwanzi aliuliza kuna nini. Fundi alizima amplifaya kwanza, ndipo akashusha mikono. Akamweleza taratibu, kwa namna watu wanavyopeana habari za msiba, kwamba trebo ilipofunguliwa amplifaya ilianza kupiga mluzi, mluzi mkali wa kutoboa fuvu, na haukukatika wimbo mzima. Walimngoja auzime. Mwanzoni walidhani anawafanyia mzaha.

"Mluzi gani?" Mwanzi aliuliza, na papo hapo akatamani asingekuwa ameuliza.

Mkewe alimsogelea. "Geuka ukutani," alisema kwa sauti ya kutosha.

Mwanzi akasema masikio yamechoka na kelele tu, yanahitaji kupumzika kidogo. Mkewe akamwonyesha ukuta kwa kidole. Akageuka.

Katika maisha yake yote hakuwahi kusikiliza namna ile. Alisikia damu yake mwenyewe ikipita shingoni. Alisikia lori likinguruma barabarani, akalishukuru lori. Bado hajaanza, alijiambia, anatafuta la kusema, si unajua anavyopenda kuchagua maneno. Akaomba kwa moyo wake wote mkewe awe bado hajaanza.

"Sema basi," alisema.

Alipogeuka, Mama Gundi alikuwa akipanga skrubu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Shemeji, yule wa utani usiokwisha, alikuwa ameinama akijifuta macho kwa ukosi wa shati. Na mkewe alikuwa ameshafunga mdomo. Alichokisema kilikuwa kimewafikia watu wote mle chumbani isipokuwa yeye aliyeambiwa.

"Umesema nini?"

"Nimeshasema, baba watoto. Nilisema kwa kunong'ona." Akaiokota spika ya zamani, akalitazama lile tundu la katikati. "Na ile spika uliitoboa wewe."

Mwanzi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kueleza habari za shemeji na kupima na nyumba iliyokuwa tupu, lakini yote hayo yalikuwa marefu, na lililokuwa nyuma ya hayo yote lilikuwa fupi.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi naogopa," mkewe alisema, akahakikisha Mwanzi anamtazama mdomoni anapolisema.

Kisha akamwomba Mama Gundi azirudishe zile jozi mbili za mwanzo, trebo iwekwe katikati na mtu asiiguse. Atachagua yeye. Kigoda kiligeuzwa, sasa ukuta ukawa mgongoni mwa Mwanzi, na mkewe akasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba gita lilikaribia kumgusa sketi. Alimwambia apige, na amtazame.

Akapiga. Blanketi lilikuwa limerudi, naye chini yake akaanza kuitafuta sauti ya gita lake kwenye uso wa mtu mwingine, kwenye paji, kwenye kona za mdomo, kwenye zile nyusi alizozifahamu tangu ujana wao. Jozi ya kwanza uso haukusema chochote. Ya pili, ile iliyokuwa imegeuzwa waya, mkewe alitabasamu, akamgeukia fundi na kumwambia afunge hizo. Shemeji alisema ni nzuri sana, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwanzi hakuacha kupiga. Hofu ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa imepata kazi mpya. Alimtazama mkewe, na licha ya miaka yote aliyoishi naye hakuweza kujua kama tabasamu lile lilitoka kwenye spika au alikuwa anapewa tu. Akarudia ubeti wa pili, ili amtazame tena.